Kifungua Mimba Aliyepewa Fungu Dogo: Wasomaji Wauliza Kuhusu Mirathi ya Mkulima wa Marekani ya Kale

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache wosia wa Shemasi John Adams, mkulima na fundi viatu wa Braintree katika koloni la Massachusetts, ambaye mwanawe mwenye jina hilohilo alikuja kuwa rais wa pili wa Marekani. Barua zilizotufikia tangu hapo zimetuonyesha kwamba mistari ile haikutosha. Tumechagua tano, na kila moja tumeijibu kwa urefu unaoistahili.

Ndugu Mhariri, mliandika kwamba Shemasi Adams alimwachia mwanawe wa kwanza mali pungufu kuliko aliyowaachia wadogo zake wawili. Mimi ni kifungua mimba katika nyumba yetu, na jambo hilo limenishangaza. Je, kijana huyo alimkosea nini baba yake? (Msomaji, Iringa)

Hakumkosea lolote, ndugu yetu, na ni vizuri umeuliza, kwa kuwa atakayeusoma wosia ule kwa haraka atamdhania vibaya baba na mwana wote wawili.

Shemasi Adams alifariki Mei 25, 1761, kwa mafua makali yaliyoenea mjini humo. Aliacha mjane, Susanna, na vijana watatu: John aliyekuwa na umri wa miaka 25, Peter Boylston aliyekuwa na miaka 22, na Elihu ambaye alikuwa hajatimiza 20. Kama angekufa bila wosia, sheria ya Massachusetts ingempa John mafungu mawili pale ambapo kila mdogo wake angepata moja. Kanuni hiyo iliandikwa katika sheria za koloni tangu mwaka 1641 na ikarudiwa katika sheria ya mirathi ya mwaka 1692, nayo ilichukuliwa waziwazi kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inapoagizwa kwamba mzaliwa wa kwanza apewe sehemu maradufu ya mali ya baba yake. Kwa watu wa Braintree, ambao walikulia kwenye Biblia hiyo na chini ya sheria hiyo, kifungua mimba kupata maradufu lilikuwa jambo la kawaida.

Sheria hiyo, hata hivyo, ilimhusu yule aliyekufa bila kusema neno. Mwenye kuandika wosia alikuwa na uhuru mpana wa kugawa alivyoona inafaa, na Shemasi, aliyeandika wake mwanzoni mwa mwaka 1760, aliutumia uhuru huo: badala ya kumwongezea John, alimpunguzia theluthi moja, na sababu yake ni kwamba kijana huyo alikuwa amekwisha kugharimiwa elimu ya chuo. Kwa maneno mengine, karo ya Harvard, alikosoma John hadi mwaka 1755, ilihesabiwa kuwa sehemu ya urithi aliyoitanguliza kuichukua baba yake akiwa bado hai.

Ili uone uzito wa hesabu hiyo, yafaa ujue jinsi baba alivyoipigania elimu ile. John mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alipokuwa mtoto aliichukia shule, na baba yake alipomuuliza anataka kuwa nani, alijibu kwamba anataka kuwa mkulima. Shemasi hakumkaripia. Alimchukua siku nzima kwenye kinamasi, wakakata pamoja nyasi za kuezekea, kazi ya matope na ya kuvunja mgongo, na jioni akamuuliza kama bado ameridhika na ukulima. Mtoto akajibu kwamba ameupenda sana. Baba akamwambia kwamba yeye hakuupenda kiasi hicho, na kwamba shule ataenda. Baadaye, ili karo ipatikane, mzee yule aliuza ekari 10 za ardhi yake. Sasa fikiria Peter na Elihu wanavyoziona ekari hizo zikienda. Zilikuwa sehemu ya shamba ambalo wangeligawana wote watatu, na zilikwenda kwa mmoja.

Jambo hilo halikuanza na Shemasi peke yake, kwani hata katika kizazi chake kaka yake mkubwa, Joseph, alipelekwa Harvard na akawa mchungaji huko Newington, New Hampshire, ilhali yeye mdogo alibaki na jembe na sindano ya viatu. Alijua kwa maisha yake mwenyewe mtoto aliyesomeshwa hupata nini, na yule asiyesomeshwa hudai nini kwa haki.

Kwa hiyo John alipata nyumba iliyokuwa hatua chache tu kutoka ile aliyozaliwa, pamoja na takriban ekari 40. Nyumba kuu na shamba lake vilikwenda kwa Peter, naye Elihu akapata fungu lake la ardhi. John aliishi katika nyumba yake hiyo, akafungua humo ofisi ya uwakili, na mwaka 1767 akazaliwa humo mwanawe John Quincy, ambaye naye aliupata urais. Mwaka 1774 alinunua kutoka kwa Peter nyumba ya baba yao, ghala lake, ekari 35 za shamba na ekari 18 za malisho, vyote kwa pauni 440, na katika kumbukumbu zake aliandika bei hiyo pamoja na idadi ya ekari. Tunavyoona sisi, hesabu hiyo ndiyo inayouthibitisha wosia wa Shemasi kuwa wa haki: elimu ambayo John alikatwa kwa ajili yake ilimzalishia fedha za kununua kile alichonyimwa, na Peter hakutoka mikono mitupu. Nyumba zote mbili zipo hadi leo katika mji ambao sasa unaitwa Quincy, zimesimama jirani jirani.

Assalaam alaykum, Mhariri. Sisi Waislamu tunajua kwamba mke akifiwa na mume mwenye watoto hupata thumuni, na kikishakuwa chake ni chake. Je, mjane wa mkulima wa Massachusetts alipata kiasi gani, na je, kilikuwa chake kabisa? (Mama wa watoto wanne, Mombasa)

Waalaykum salaam, mama. Swali lako la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu kwa idadi peke yake mjane wa Massachusetts anaonekana kumzidi mwenzake: sheria ilimpa theluthi. Tofauti inaanza pale unapotazama theluthi ya kitu gani, na kwa muda gani.

Mume akifa bila wosia, theluthi ya vitu vinavyohamishika, yaani mifugo, vyombo, nafaka na fedha, ilikuwa mali ya mjane moja kwa moja. Lakini theluthi ya nyumba na ardhi alipewa aitumie tu maadamu yu hai. Angeweza kulima, kuvuna na kukodisha, lakini hakuweza kuiuza wala kumwachia amtakaye, kwani siku akifa ilirudi kwa warithi wa mume. Na tusisahau kwamba alipoolewa, mali yoyote inayohamishika aliyokuja nayo iligeuka kuwa ya mumewe. Kwa hiyo sehemu ya alichopewa kama urithi kilikuwa kitu chake mwenyewe kinamrudia.

Namna ya kuikata theluthi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mahakama ya mirathi iliwateua majirani wenye kuaminika, wakaingia katika nyumba ya marehemu na kuigawa chumba kwa chumba. Hati walizoziacha zinasema, kwa mfano, kwamba mjane amepewa chumba cha upande wa mashariki na kile kilicho juu yake, nusu ya ghala la chini ya nyumba, haki ya kupanda ngazi, haki ya kupita mlango wa mbele, haki ya kuteka maji kisimani na haki ya kuoka mkate katika tanuri la jikoni. Chumba cha upande wa pili kilikuwa cha mwanawe na mkamwana wake. Wanawake wawili, tanuri moja, na hati ya mahakama inayoeleza nani ana haki gani nalo.

Wakulima walioandika wosia walikwenda ndani zaidi. Waliagiza kwamba kijana atakayerithi shamba amletee mama yake kuni zilizokwisha kukatwa kwa kipimo cha meko yake na kuziweka mlangoni, amfugie ng'ombe mmoja wa maziwa kiangazi na kipupwe, ampe kila mwaka vipimo kadhaa vya mahindi, ratili kadhaa za nyama ya nguruwe, na sufi na kitani cha kusokota. Mara nyingi wosia uliongeza sharti kwamba haya yote yatadumu maadamu atabaki mjane wake, na akiolewa yanakoma.

Wako wanaozisoma orodha hizo na kumwona mkulima kuwa bahili anayempimia mkewe kuni. Sisi hatukubali. Mtu aliyekaa na vijana wake miaka 20 anajua yupi atakumbuka na yupi atasahau, na neno la jumla kama "amtunze mama yake" hakuna mahakama inayoweza kulipima. Kuni zilizoandikwa idadi, mjane anaweza kuzidai. Tena, iwapo wosia ulimpunja chini ya ile theluthi ya sheria, aliruhusiwa kuukataa na kudai theluthi yake, na wapo waliofanya hivyo.

Susanna Adams, kwa kuwa umegusa habari za wajane, aliolewa tena mwaka 1766 na John Hall. Aliishi hadi Aprili 1797, mwezi mmoja na kitu baada ya mwanawe kuapishwa kuwa rais.

Mhariri, Shemasi Adams alikuwa na watoto wa kiume tupu. Wale waliokuwa na mabinti walifanyaje? (Msomaji, Bukoba)

Binti alipata fungu lake mapema, na kwa kawaida halikuwa ardhi. Siku ya kuolewa baba alimpa godoro la manyoya, mashuka ya kitani, masufuria ya chuma, vyombo vya bati, pengine gurudumu la kusokotea nyuzi na ng'ombe mmoja au wawili. Usilidharau godoro, kwani majirani waliothamini mali ya marehemu mara nyingi waliliandikia bei kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo chumbani. Ndiyo maana ukisoma wosia wa zamani hizo na kukuta binti ameachiwa shilingi chache tu, usikimbilie kusema kwamba amenyimwa. Tazama kama mstari unaofuata hausemi kwamba amekwisha kulipata fungu lake alipoolewa. Shilingi zile ziliandikwa ili asije mtu akadai mahakamani kwamba mzee alimsahau mwanawe.

Pasipo wosia, binti wa Massachusetts alihesabiwa sawa na kaka yake mdogo. Mkulima mwenye vijana watatu na mabinti wawili, baada ya kuondolewa haki ya mjane, mali yake iligawanywa mafungu sita: mawili ya kifungua mimba, na moja moja kwa wanne waliobaki. Kama shamba lilikuwa dogo kiasi kwamba kulikata kungeliharibu, mahakama iliweza kumkabidhi lote mtoto wa kwanza, naye akawalipa wenzake thamani ya mafungu yao kwa fedha. Malipo hayo yaliweza kumchukua miaka mingi, na katika miaka hiyo yote shamba lililoitwa lake lilikuwa kwa kweli limebeba madeni ya ndugu zake.

Ubaya uliobaki ni ule tuliomweleza mama wa Mombasa, kwamba vyote alivyopewa binti alivishika siku moja, na siku ya pili vikawa vya mume.

Ndugu Mhariri, ninaishi Columbus, Ohio. Mmetueleza habari za Massachusetts na za mtu aliyeandika wosia. Je, makoloni mengine yalikuwaje, na aliyekufa ghafla bila kuandika, watoto wake walipata nini? Na huku kwetu Ohio je?

Ndugu yetu, makoloni hayakufanana hata kidogo. Pennsylvania nayo ilifuata fungu maradufu la kifungua mimba, lakini Virginia na New York zilishika desturi ya Kiingereza iliyo kali zaidi: pasipo wosia, ardhi yote ilikwenda kwa mwana mkubwa wa kiume, na wengine waligawana vitu vinavyohamishika tu.

Mfano unaotuuma kuliko yote ni wa familia moja ambayo jina lake unalijua. Mwezi Mei 1786, Kapteni Abraham Lincoln, mkulima aliyehamia Kentucky wakati nchi hiyo ingali sehemu ya Virginia, alikuwa kondeni na vijana wake watatu alipopigwa risasi na kufa. Josiah alikimbilia ngomeni kuomba msaada, Mordecai aliyekuwa mkubwa alikimbilia nyumbani akachukua bunduki na kumpiga mshambuliaji, na Thomas, mtoto wa miaka minane, alibaki kando ya maiti ya baba yake. Marehemu alikuwa na haki ya maelfu ya ekari, lakini wosia hakuacha. Ardhi ikaangukia kwa Mordecai. Thomas alikua akitangatanga kutafuta vibarua, bila shule, na huyo Thomas ndiye baba wa Rais Abraham Lincoln, ambaye alikuja kuandika kwamba baba yake alikuwa kijana wa vibarua tangu utotoni.

Kinachosikitisha ni tarehe. Bunge la Virginia lilikuwa limekwisha kupitisha, mwaka 1785, sheria ya kuwagawia watoto wote sawa, mojawapo ya sheria ambazo Thomas Jefferson alizipigania kwa miaka. Lakini ilipangwa ianze kutumika Januari 1, 1787. Kapteni Lincoln alikufa miezi saba na kitu kabla ya siku hiyo. Karatasi moja, hata fupi, ingetosha kumpa mtoto yule mdogo mahali pa kusimama, nasi hatuwezi kusoma habari hizi bila kuliwaza hilo.

Ohio yako ilibahatika. Sheria iliyoanzisha utawala wa nchi ya kaskazini-magharibi, iliyopitishwa Julai 13, 1787, iliamuru katika kifungu chake cha mirathi kwamba watoto wote wa aliyekufa bila wosia wagawane sawasawa, wa kike na wa kiume, wa kwanza na wa mwisho, na mjane apate theluthi ya vitu vinavyohamishika pamoja na theluthi ya ardhi kwa maisha yake. Massachusetts yenyewe ililifuta fungu maradufu mwaka 1789, na Pennsylvania mwaka 1794.

Mhariri, katika maelezo yenu hamkutaja watumwa. Je, wao hawakuwamo katika mirathi hiyo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Walikuwamo, na umefanya vyema kutukumbusha. Huko kusini waliandikwa katika orodha za mali pamoja na ng'ombe na majembe, kila mmoja na bei yake, na mwenye wosia aliweza kumwachia bintiye mwanamke mtumwa pamoja na watoto ambao bado hawajazaliwa. Massachusetts nako walikuwapo, wameorodheshwa katika mali za baadhi ya wakulima hadi miaka ya 1780. Kwa hiyo kila tulichokisema hapo juu juu ya mafungu na theluthi kiliwahusu pia watu, kwa namna ya kutisha zaidi, kwa kuwa shamba likigawanywa ekari hazililii ekari nyingine.

Theluthi ileile ya mjane, ambayo kwa Susanna ilikuwa kinga, kwa watumwa ilikuwa pingu. Daniel Parke Custis, tajiri wa mashamba wa Virginia, alikufa mwaka 1757 bila wosia, na mjane wake Martha akapewa theluthi yake, wakiwamo watumwa, aitumie maishani mwake tu. Baadaye aliolewa na George Washington. Ilipofika mwaka 1799, shambani Mount Vernon walikuwapo watumwa 317. Kati yao, 123 walikuwa wa Washington mwenyewe, na 153 walikuwa wa ile theluthi pamoja na vizazi vyake, kwani mtoto wa mwanamke wa theluthi naye alizaliwa mali ya mirathi hiyo. Waliobaki walikodishwa kutoka kwa wengine. Washington aliagiza katika wosia wake kwamba watumwa wake waachwe huru, na Martha akawaachia Januari 1, 1801. Wale 153 hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwaacha huru, si mume wala mke, kwa sababu kwa sheria walikuwa wanawasubiri warithi wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 40 nyuma.

Watu hao walikuwa wameishi pamoja na kuoana. Baba wa kundi la kwanza alipata cheti cha uhuru, ilhali mkewe wa kundi la pili na watoto aliomzalia walibaki utumwani. Martha alipofariki mwaka 1802, watu wa theluthi waligawanywa mafungu manne, kila fungu kwa mjukuu mmoja wa Custis, na watoto wa mama mmoja wakachukuliwa kwenye nyumba mbalimbali.